Dalali anayesimama upande wa mnunuzi, Mtwara mjini: nimemtumia, maoni yangu haya

Hii ni kwa wanaotafuta nyumba ya kununua Mtwara mjini kwa mara ya kwanza, sio kiwanja, nyumba iliyosimama. Mimi na mume wangu tulimtumia dada mmoja ambae kazi yake ni kumtafutia mnunuzi nyumba na kumsimamia mpaka karatasi zikae sawa, anachaji mnunuzi tu, kwa muuzaji hachukui hata mia. Nampa nne kwenye tano, na hiyo moja niliyokata nitaieleza maana sio ndogo.

Kwanini nilimtaka mtu wa hivi? Dalali wa kawaida huku kwetu hela yake inatoka kwenye bei. Mwenye nyumba anamwambia nataka milioni 35, yeye anakuja kwako anasema 42, hiyo saba ni cha juu chake, alafu bado anategemea asilimia kumi ya muuzaji na wewe umtoe ya soda. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje akushushie bei, wakati kila laki inayoshuka inatoka mfukoni kwake? Sisemi wote wezi, wapo waungwana kabisa, ila hesabu zao haziko upande wako. Na wa hapa wana wimbo wao wa gesi, ukisita kidogo tu unaambiwa mradi wa kusindika gesi wa Likong'o ukianza kule Lindi hii nyumba hutaigusa. Wapo waliouziwa kwa wimbo huo huo 2012, 2013, gesi ikapitishwa kwenye bomba kwenda Dar, bei zikashuka wakabaki wanaangaliana.

Huyu dada bei yake ni laki nne, nyumba iwe ya milioni ishirini au mia, nusu mnaanza nayo na nusu siku ya kusaini kwa wakili. Nauli ya bajaji juu yenu. Zamani alikua karani kwenye ofisi ya wakili na inaonekana, karatasi anazisoma mpaka nyuma.

Sisi tulikua tumejipanga kununua mwezi wa kumi na moja. Akatuambia tulieni, minada ya korosho ndo imechanganya, mjini kuna hela, saivi mwenye nyumba hana shida na nyie. Subirini Januari ada za shule zianze kuwauma, na mwezi wa pili mvua inakua imeshapiga vya kutosha, paa linalovuja litajisema lenyewe. Mume wangu alinuna maana hela ikikaa inaliwa, ila kweli bei tulizosikia Januari zilikua za watu wanaoongea taratibu.

Kuna kitu alifanya ambacho mi binafsi nisingekiwaza. Nyumba moja Chuno dalali wa muuzaji kasema mpangaji katoka juzi juzi tu. Dada kaomba namba ya mita, kanunua umeme wa elfu kumi hapo hapo kwenye simu, zaidi ya nusu ikakatwa kodi ya jengo. Sasa ile kodi kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, piga hesabu, hiyo nyumba ina miezi haijanunuliwa umeme. Hakusema kitu pale, akaenda kusalimia majirani, akarudi na habari kwamba mpangaji alikimbia sababu ya maji kuingia uani kila mvua ikinyesha. Nyumba ilikua nzuri eti na tailizi.

Nyingine Shangani, upepo wa bahari, mi nilishaanza kupanga makochi kichwani. Mwenyewe marehemu, watoto ndo wanauza, wametoa muhtasari wa kikao cha ukoo umesainiwa na wajomba na mashangazi wote. Dada akauliza fomu namba nne ya mahakama iko wapi, yani ile inayoonyesha nani kateuliwa kusimamia mirathi. Hamna. Dalali akaanza kufoka, dada mbona unaharibu biashara za watu, ukoo si umekubali? Akamjibu kwa upole tu, kaka yangu, ukoo haumilikishi mtu, mkiipata fomu nipigie. Tukaondoka.

Tuliyonunua nayo iko Chuno, ila upande wa juu. Muuzaji ni mzee mmoja mstaafu, hati anayo ya jina lake. Tukalipia sachi ofisi ya ardhi, yani waangalie kumbukumbu za hiyo hati, majibu yakaja kuna rehani ya benki humo, mkopo mzee alishamaliza miaka hiyo ila hakuna aliyeenda kuifuta. Mzee mwenyewe alishangaa. Akaifuatilia benki, na hapo tulikaa sana, sana. Alafu kukawa na suala la mke wake ambae yuko Newala, dada kagoma tusisaini mpaka mama aje na kitambulisho chake asaini ridhaa mbele ya wakili, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja, mke akija kukataa baadae mauzo yanaweza kutenguliwa. Mama akaja, mpole, tukamsalimia akatuletea na karanga.

Kwenye mkataba alilazimisha milioni mbili zibaki mpaka mzee amalizane na TRA, maana kodi ya faida ni ya muuzaji na bila hati ya TRA jina halihami, na mtu akishashika hela yake yote kumtafuta ni kazi. Hapo peke yake laki nne yangu ilirudi. Bei mzee alianza na 48 tukamalizia 41.

Serikali ya mtaa tulienda mwenyekiti amtambue muuzaji na majirani waonyeshe mipaka, hiyo ni sawa. Ila palianza maneno ya asilimia kumi ya ofisi, dada akaomba waandike risiti na sheria inayosema hivo, maneno yakaisha.

Sasa nyota niliyokata. Huyu dada ana mdomo. Siku ya kupatana bei alimwambia mzee wa watu nyumba yako choo kimejengwa kama adhabu, mbele ya wajukuu zake! Mzee akanyamaza, akasema nendeni mkatafute kwingine. Ilibidi mume wangu arudi peke yake jioni, apige shikamoo, akae wanywe kahawa waongee Simba na Yanga mpaka mzee akalainika. Huku kusini mtu mzima humjibu hivo hata kama choo chenyewe ni kweli kibaya. Mkienda nae kwa mwenye nyumba, nyie ndo muongee, yeye abaki na karatasi.

Na kuta hajui. Aliangalia akasema ziko fiti, fundi wetu kaja kagonga gonga chini ya madirisha plasta ikadondoka, chumvi, matofali yamefyatuliwa kwa mchanga wa pwani bila kuoshwa. Hiyo tumeipunguzia kwenye bei ila ni kwa sababu ya fundi sio yeye, kwahiyo mlipe fundi wenu pembeni, na asiwe fundi aliyeletwa na dalali. Mikopo ya nyumba ya benki pia msimuulize, anabahatisha.

Ijumaa mchana hapokei simu na Lindi haendi, anasema kule hana majirani wa kuwauliza. Mikindani anaenda ila zile nyumba za mawe za zamani hazigusi, nilimuuliza akacheka tu.