Msimu ukiisha: vyuma au mbio za polepole?

Riadha ya wakongwe huanzia miaka 35, na kila mapumziko ya msimu swali ni lile lile: ninyanyue vyuma, au nikimbie taratibu kilomita nyingi?

Mbio za polepole hulinda moyo na mapafu, wala hazihitaji zaidi ya viatu. Mkimbiaji wa mita 5,000 siwezi kumwambia aziache.

Lakini kwa wa mita 100, mrukaji au mrusha tufe, nachagua vyuma bila kusita. Umri ukisogea misuli hupungua, na nyuzi zinazosinyaa zaidi ni zile za kasi, zinazokufyatua mwanzoni mwa mbio. Mwendo wa taratibu hauzishughulishi sana. Uzito wa kutosha huziamsha: siku 2 kwa wiki zisizofuatana, kuchuchumaa na chuma mabegani, marudio 5 hadi 8. Litazame rudio la mwisho. Magoti yakianza kuingia ndani, punguza uzito siku hiyo hiyo.

Kuna na kano ya kisigino, ambayo wengi wetu huisahau. Simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, shusha visigino polepole ukihesabu hadi 3. Kano huchelewa kuzoea kuliko misuli, kwa hiyo unaweza kujisikia tayari kabisa kumbe kisigino bado.

Vyuma vina gharama yake: mwenye miaka 60 huhitaji mapumziko marefu kuliko wa 35. Mpe huyo siku 3 kati ya mazoezi, na moja kati ya hizo atembee tu.