Kiti cha mzazi kwenye baraza la shule: mifumo minne kwenye mizani

Karibu kila baraza la shule lina kiti cha mzazi. Kuna viti vyenye kura juu ya fedha na juu ya mwalimu mkuu, na kuna viti vya kugonga mhuri yale yaliyokwisha kuamuliwa ofisini. Ili kuvitofautisha tumeangalia sheria za sehemu nne na kuuliza: wazazi ni wangapi dhidi ya wengine, makabrasha yanawafikia siku ngapi kabla ya kikao, wanapigia kura nini, na mzazi asiye mjumbe anapataje habari. Hilo la makabrasha ndilo zito kuliko yote. Mjumbe anayekabidhiwa bajeti ya kurasa 12 mlangoni mwa chumba cha mkutano hawezi kuikubali wala kuikataa. Anainua mkono tu.

Chicago, jiji la Marekani, ndiko mzazi alikopewa mamlaka makubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1988 iliunda mabaraza ya shule moja moja, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Oktoba 1989. Katika shule ya kawaida ya umma wazazi ni 6, wakazi wa eneo 2, walimu 2, mfanyakazi asiye mwalimu 1 na mwalimu mkuu, pamoja na uwakilishi wa wanafunzi. Mwenyekiti ni mzazi. Baraza humchagua mwalimu mkuu, humpa mkataba wa miaka 4, humtathmini kila mwaka, na huidhinisha mpango wa kuboresha shule pamoja na bajeti yake. Shule zinazoendeshwa na mashirika kwa mkataba hazimo, na shule iliyowekwa chini ya uangalizi kwa sababu ya matokeo mabaya hupoteza sehemu ya mamlaka hayo.

Uzuri wake hauna ubishi: mwalimu mkuu anajua nani atakayeuangalia mkataba wake. Ugumu uko kwenye tathmini. Mjumbe mpya huingia na yale aliyoyasikia getini, na bila kipimo kilichokubaliwa mapema, kikao cha tathmini hugeuka kuwa kura ya nani anampenda mkuu na nani hampendi. Njia inayofaa ni kukubaliana mwanzoni mwa mwaka juu ya vipengele vichache, visizidi 5: mahudhurio ya wanafunzi, matokeo ya kusoma na hesabu, walimu waliohama, malalamiko yaliyojibiwa. Kila kipengele kiandikiwe namba ya kuanzia, kiangaliwe katikati ya mwaka, kisha mwishoni. Namba ya kuanzia isipoandikwa, mwishoni hakuna wa kusema kama shule imepanda au imeshuka. Ndiyo maana wajumbe wa Chicago wanatakiwa kupita mafunzo baada ya kuchaguliwa, na kwa maoni yetu mfumo unaompa mzazi kura nzito namna hii bila mafunzo haumtendei haki.

Kwa upande wa fedha, Afrika Kusini inaongoza. Sheria ya Shule ya mwaka 1996 inataka wazazi kwenye bodi wazidi kwa mtu mmoja jumla ya wajumbe wengine wote wenye kura. Mzazi aliyeajiriwa na shule hiyo hawezi kukaa kwenye kiti cha mzazi, na uenyekiti ni wa wazazi. Bajeti haiishii ndani ya bodi: hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa wazazi, nao hupewa notisi ya angalau siku 30. Ada haitozwi mpaka wengi wa wazazi waliohudhuria na kupiga kura wakubali, na azimio lenyewe lazima liseme ni kwa vigezo gani mzazi asiye na uwezo atasamehewa, yote au sehemu. Hilo la msamaha kuwekwa ndani ya azimio lenyewe la ada ni jambo la kupongezwa sana, kwa kuwa linazuia shule kupitisha kiwango leo na kuahidi huruma kesho.

Ila wingi wa mtu mmoja ni mwembamba. Chukua bodi yenye kura 13: wazazi 7, wengine 6. Wazazi wawili wakikwama kazini, waliobaki ni 5 dhidi ya 6, na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao, imetimia vizuri tu. Wingi wa kwenye sheria umeyeyuka bila mtu kuvunja kanuni yoyote. Walimu na mwalimu mkuu wapo shuleni tayari. Mzazi ndiye anayepanda basi au kuomba ruhusa kwa mwajiri. Kwa hiyo saa ya kikao si jambo dogo la utaratibu. Kikao kikiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, hesabu ya kura imeshabadilika kabla ajenda haijafunguliwa. Ikumbukwe pia kwamba marekebisho ya mwaka 2024 yameondoa neno la mwisho la bodi kuhusu udahili na lugha ya kufundishia. Sera hizo sasa huidhinishwa na mkuu wa idara ya elimu ya jimbo.

Uingereza, yaani England yenyewe, ni bahili kwa idadi. Katika shule zilizo chini ya serikali za mitaa bodi huwa na watu wasiopungua 7, na wazazi wa lazima ni 2 tu. Kwa kura peke yake hawawezi kitu. Lakini utaratibu wake ndio bora kuliko wa wengine wote tuliowapima. Ajenda na makabrasha hutumwa siku 7 kabla. Bodi hukutana angalau mara 3 kwa mwaka wa masomo, na wajumbe watatu wowote wanaweza kudai kikao kiitishwe. Karani wa bodi hawezi kuwa mwalimu mkuu wala mjumbe, hivyo anayeandika kumbukumbu siye anayehojiwa ndani yake. Kumbukumbu zilizotiwa saini hufunguliwa kwa yeyote mwenye haja nazo, isipokuwa sehemu za siri kama mambo ya mtumishi au mtoto fulani. Mzazi asiye mjumbe anapata hapa zaidi ya anachopata kwenye bodi nyingi zilizojaa wazazi lakini daftari limefungiwa kabatini.

Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ina wawakilishi 6 wa wazazi kwenye bodi ya usimamizi, wakikaa pamoja na wa walimu, wa mfadhili, wa makundi maalumu na wa wanafunzi. Tunachokipenda zaidi ni chama cha wazazi kilicho kando ya bodi: kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa, kwa hiyo mzazi wa darasa la chini ana mtu wa kumwendea anayejua matatizo ya darasa hilo. Udhaifu ni pale mwakilishi wa darasa anapopatikana kwa kunyoosheana vidole mwishoni mwa mkutano, watu wakiwa wameshasimama. Uchaguzi huo uwekwe mwanzo wa ajenda.

Popote mjumbe alipo, makabrasha yakifika aanze na ukurasa wa fedha, atazame safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichotumika, kilichobaki. Robo tatu ya mwaka ikiwa imepita na fungu la vitabu limetumika nusu, kuna ununuzi uliokwama, na swali la kuuliza ni umekwama kwa nani. Fungu likiwa limezidi, aulize ni azimio la kikao gani lililoruhusu, na fedha zimetoka fungu lipi. Jumla pekee haitoshi. «Matumizi mengineyo» yakizidi fungu la vifaa vya kufundishia, yaombewe mchanganuo. Kisha arudi kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita. Sentensi inayosema «suala lilijadiliwa kwa kina» ni tupu. Azimio lililo hai lina kitendo, jina la cheo cha mhusika na tarehe: mweka hazina ataleta bei za wauzaji watatu kabla ya tarehe 15.

Kuna makosa mawili yanayorudi kila mahali. La kwanza ni mzazi mjumbe kuleta kwenye kikao kesi ya mwanawe na mwalimu wake. Kesi hiyo ina njia yake: mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha malalamiko ya maandishi. Akiileta barazani anachoma muda wa wote, na siku malalamiko rasmi yakifika mbele ya baraza atalazimika kutoka chumbani. La pili ni mzazi mwenye biashara na shule, awe anauza chakula, sare au matofali. Kutangaza maslahi hakutoshi. Atoke wakati jambo hilo linajadiliwa na kupigiwa kura, na kutoka kwake kuandikwe.

Tuongeze neno kuhusu makundi ya WhatsApp. Yanafaa kwa kukumbusha tarehe na kukusanya maswali ya wazazi. Hayafai kuamua. Ujumbe wenye vidole gumba 40 hauna akidi, hauna ajenda, na mzazi asiye na simu janja hayumo.

Kwa shule inayotaka kuanza na kidogo, tungechukua karani na siku 7 za Uingereza kwanza, maana havihitaji uchaguzi mpya, halafu mkutano wa bajeti wa Afrika Kusini. Mamlaka ya Chicago juu ya mwalimu mkuu yaje baadaye, wajumbe wakishazoea kusoma safu zile tatu.