Fogo Island, Kanada: nenda, ila usiende na haraka zako

Haya wadau, nimerudi, na midomo bado imepasuka kwa upepo. Leo sichambui simu wala spika. Nachambua likizo: Fogo Island, kisiwa kilicho kaskazini-mashariki mwa Newfoundland, Kanada. Watu elfu mbili na ushee tu, miamba, na bahari kila unakogeuka.

Nianze na kasoro, maana ndizo zitakazokupokea. Kufika ni shughuli. Unashuka ndege Gander, unaendesha gari zaidi ya saa moja hadi gati linaloitwa Farewell, yaani Kwaheri, sitanii, halafu unapanga foleni ya feri. Saa za Newfoundland nazo zina nusu: wako mbele ya Toronto kwa saa moja na nusu. Mimi simu niliiacha kwenye saa za Toronto. Nimejiegemeza zangu kwenye gari, natafuna biskuti, najiona nimewahi, kumbe feri ilishaondoka kitambo. Iliyofuata ikazuiwa na ukungu. Kwa hiyo ukipanga siku mbili, moja ihesabu imeliwa na feri. Mimi nasema siku nne, usipungue.

Sasa utamu. Kijiji cha Tilting, cha watu wenye asili ya Ireland, kina vibanda vya samaki vilivyosimama kwa miguu ya miti juu ya maji. Mzee mmoja aliniingiza chake. Meza imelika katikati kwa visu vya miaka mingi. Akanionesha kazi ilivyogawanywa: wa kwanza anakata koo, wa pili anang'oa kichwa na matumbo, wa tatu anapasua na kutoa uti wa mgongo. Kisu cha mpasuaji kimepinda makusudi, kiufuate mfupa. Kisha chumvi, kisha kuanikwa kwenye vichanja. Nilijaribu hewani tu, bila samaki, akacheka mpaka akakohoa.

Na hapo ndipo utaelewa kisiwa. Samaki wao ni cod, na mwaka 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wake wa kibiashara kwa sababu walikuwa karibu kwisha. Pigo hilo. Lakini hawa watu walishakuwa wabishi zamani: miaka ya 1960 walishawishiwa kuhama, wakakataa, wakaanzisha ushirika wao wa uvuvi.

Malazi: hoteli maarufu ni Fogo Island Inn, ilifunguliwa 2013, vyumba 29, nayo imesimama kwa nguzo kama vile vibanda. Bei yake usiniulize, mimi niliingia kutazama tu. Ila nimewapenda kwa jambo moja: wana lebo, kama ile ya nyuma ya pakiti ya chakula, inayoonesha pesa yako imekwenda wapi, na faida inarudi kwa jamii. Mimi nililala nyumba ya kupanga kijijini. Kitanda kinalia, maji ya moto yapo, dirisha linatazama bahari. Inatosha sana.

Kilima cha mwamba kiitwacho Brimstone Head nacho ukipande. Wanaoamini dunia ni bapa wanasema hapo ni moja ya pembe zake nne. Nilichungulia, sikuanguka.

Vilima vya barafu vinavyoelea baharini sikuviona, nilikwenda Agosti, nimechelewa. Ukivitaka, nenda Mei au Juni, na koti la upepo ulivae, usilifungie kwenye sanduku kama mimi.