Uzoefu wangu na mada za Inktober hapa Lubumbashi

Inktober ilianzishwa mwaka 2009 na mchoraji Mmarekani Jake Parker. Mshiriki huchora kwa wino picha moja kila siku ya Oktoba na kuionyesha watu, akifuata orodha ya mada 31 ambayo hatozwi chochote kuipata. Nimetumia orodha ya mwaka 2019, na ninawaandikia wachoraji wenzangu wanaojiuliza kama kuna faida kuchora jambo lililochaguliwa na mtu wa mbali.

Faida ipo, na niliiona hasa pale mada ilipoelekea kutotuhusu kabisa. Mada ya siku ya 11 ilikuwa theluji. Oktoba kwetu ni mwezi wa joto kali, watu wakingojea mvua za kwanza, na theluji sijawahi kuiona kwa macho yangu. Kwa kuwa sikutaka kunakili picha ya mtandaoni, nilikwenda kwenye kinu tunakosagisha mahindi ya bukari, yaani ugali, nikamchora msagaji jinsi alivyotapakaa unga mabegani, kwenye kofia, hata kwenye kope. Hapo wino ulinidai kazi kwelikweli. Weupe hauchorwi kwa wino mweusi, bali huachwa. Ili unga uonekane, ilinibidi nitie giza ukuta wa nyuma yake kwa mistari mifupi iliyosongamana, huku nikikumbuka namna mchoraji wa mji wetu Mwenze Kibwanga alivyojaza michoro yake kwa mistari ya aina hiyo. Ningeachiwa nichague mwenyewe, nisingeuwaza mchoro huo, maana kinu hicho nimekuwa nikikipita miaka yote bila kukitazama.

Sisemi kwamba mada ya kupewa inaushinda uhuru. Mwenze mwenyewe, pamoja na Pilipili Mulongoy na Bela Sara, walitoka katika karakana ya uchoraji ya Le Hangar, iliyofunguliwa mjini hapa mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, ambaye aliwaacha wanafunzi wachote mada katika mazingira yao. Lakini wao walikuwa na mlezi na wenzao kando yao, ilhali anayechora peke yake nyumbani, asipopata wa kumsukuma, huishia kurudia vitu vile vile.

Si mada zote zilizonifaa. Ile ya kujenga ilinipeleka moja kwa moja kwenye vichuguu na matofali ya udongo wake, nayo ikawa kazi nzuri. Ile ya joka la hadithi haikunipa kitu.

Kinachonikera ni kasi. Mtu anayerudi kazini jioni na kukuta umeme umekatika hawezi kukamilisha mchoro wa maana kila siku. Kwa bahati nzuri kanuni zenyewe zinaruhusu kuchora siku moja na kupumzika inayofuata, au kuchora mara moja kwa wiki, nami ningemshauri anayeanza achague mara moja kwa wiki. Anunue pia karatasi nzito, kwa sababu kwenye karatasi nyepesi ya fotokopi wino husambaa na mistari iliyosongamana hugeuka doa.