Kibanda cha jezi za mitumba Kibuye, na vile nilipata Seferović wangu

Wale mko Kisumu na mnapenda jezi, wacha niwaambie kuhusu kibanda kimoja hapa Kibuye juu nimekuwa nikienda huko karibu mwaka mzima na sijaona mtu akikisifu mahali popote. Hakina jina wala bango. Ukitoka tao na matatu ya Kondele unashuka Kibuye, unapita kwa wauza viatu, ukianza kuona jezi zimetungikwa kwa waya basi umefika. Mwenye kibanda ni mathe mmoja, kijana wake ndiye hupiga printi. Jumapili ndio siku yenyewe na uende mapema beli ikifunguliwa, juu ikifika saa nne kamera zote, zile safi za kwanza, zimeenda na unabaki kugombania fagia, yaani masalio, na watu wengine.

Sasa mimi sikuenda kutafuta Messi. Mimi natafuta jezi za timu zote ambazo Haris Seferović amechezea, na hio ndio sababu najua hiki kibanda vizuri, juu hii ni kazi ya kurudi na kurudi. Huyu straika wa Uswisi alizaliwa 1992 Sursee, karibu na Luzern, wazazi wake ni wa Bosnia, na ametembea sana: Grasshopper, Fiorentina, akapelekwa kwa mkopo Xamax, Lecce, Novara, halafu Real Sociedad, Frankfurt, Benfica, tena mkopo Galatasaray na Celta Vigo, akaenda Al Wasl kule Dubai wakachukua ligi 2024. Hebu tafuta hizo zote kwa mitumba uone kama ni mchezo.

Nilimjua 2009. Fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Abuja, Nigeria wako nyumbani na ndio mabingwa watetezi, sisi tumejazana kwa jirani mwenye TV na wote tuko Nigeria bila kuulizana. Mtoto wa Uswisi akaruka akapiga kichwa, moja bila, ikaisha hivo. Hio timu ilikuwa na Xhaka na Ricardo Rodriguez ndani. Niliumia siku hio lakini jina likakwama kichwani, na tangu wakati huo popote ameenda mimi niko nyuma yake.

Jezi ya kwanza kupata hapo ilikuwa Benfica, nyekundu, Emirates kifuani, mia nne. Nilikuwa nimeshaumwa kabla. Kuna mtu alinitumia jezi ya elfu moja mia tano nikiwa nimeona tu picha kwa simu, ikakuja kitambaa kama neti ya mbu na nembo imebandikwa kando, nikimpigia hashiki. Kwa hivo niliposhika hii ya Kibuye nikawa naigeuza geuza, mathe akaniona akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "leta nikuonyeshe." Akanifungulia kwa ndani, akanionyesha kalebo kadogo kenye namba za kampuni, akaniambia nitafute hizo namba kwa simu nione kama italeta jezi ileile. Ikaleta ileile. Hakuna muuzaji alikuwa amewahi kunipa njia ya kumkamata mwenyewe kama ananidanganya, na hapo ndio nikawa kastoma wake.

Na Benfica si ya kuweka tu kwa kabati. Msimu wa 2018-19 huyu mtu alifunga mabao 23 kwa ligi ya Ureno, akawa mfungaji bora, mbele ya João Félix ambaye ndiye dunia nzima ilikuwa inamwimba, na Benfica wakachukua ubingwa na mabao 103. Ukiuliza mashabiki hapa Kisumu wengi watakuambia Félix. Inaniuma hio.

Frankfurt nilingoja miezi minne, nikaipata mia tatu hamsini. Hio naipendea 2016, walikuwa wanashuka daraja, wakacheza mechi mbili za kujiokoa na Nürnberg, ya kwanza moja moja, ya pili ugenini moja bila, na bao ni la Seferović. Mathe aliniuliza mbona nahangaikia mtu wa kuhama hama hivi, nikamwambia mathe, si hata Olunga wetu ametoka Gor akaenda Sweden, China, Uhispania, Japani, Qatar, na kila mahali alikuwa anafunga? Akacheka akasema, "Haya, huyo ni Olunga wa wazungu basi." Tangu hapo akiona jezi ya timu ya Seferović ananiwekea chini ya meza.

Ile ya Uswisi ndio ilileta maneno. Nyekundu, Puma, safi kabisa lakini mgongo mtupu. Kwanza niliivuta kwa nguvu, juu Euro 2016 jezi za Uswisi zilikuwa zinararuka uwanjani wakicheza na Ufaransa, Xhaka akabadilisha zaidi ya mara moja, na kampuni yenyewe ikakubali ni kitambaa cha kundi moja kilichoharibika kikitengenezwa. Hii yangu haikuraruka. Kijana akaniprintia jina na namba 9 kwa mia mbili, ikatoka poa, lakini kufua mara ya tatu 9 ikaanza kubanduka. Nilirudi na hasira. Kijana hakubishana, aliangalia akasema pasi haikuwa imeshika moto vizuri siku hio, akatoa yote akarudia bure, akaniambia nifue ikiwa nje ndani na maji baridi na nisiguse namba na pasi. Sai ni miezi mitano, imeshika.

Na niliitaka hio 9 ikae juu ndio jezi ya mtu aliyezomewa na watu wake. Novemba 2017 huko Basel, Uswisi wanafuzu Kombe la Dunia mbele ya Ireland ya Kaskazini, na bado mashabiki wanampigia miluzi akitoka juu amekosa nafasi. Mwaka mmoja baadaye, Luzern, karibu na kwao, Ubelgiji wako mbele mbili bila ndani ya dakika 17, jamaa anafunga tatu, mechi inaisha 5-2. Halafu 2021 kwa Euro, Bucharest, anawafunga Ufaransa mabao mawili, la pili wakiwa nyuma 3-1 na zimebaki dakika tisa, Gavranović akasawazisha, Sommer akadaka penalti ya Mbappé. Mimi usiku huo sikulala.

Mabaya ya kibanda: hakuna mahali pa kujaribu, unavalia juu ya shati mbele ya watu. Saizi zimechanganywa hovyo na zile zinaning'inia mbele zimepauka na jua, hizo usinunue, omba za ndani. Mvua ikinyesha pale ni matope mpaka kwa kifundo.

Mathe amenipigia jana jioni. Kuna beli ina jezi za Italia anafungua Jumapili hii, na mimi bado sina Lecce wala Novara. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama hapo.