Tahadhari: konrodi kuukuu zilizonyooshwa zinauzwa Mwanza kama mpya za kazi nzito

Ndugu wamiliki wa magari na mafundi wa Mwanza na maeneo jirani,

Naomba mjihadhari na muuzaji wa spea anayetafuta wateja kwa simu, asiye na duka, ambaye humtuma kijana wa bodaboda hadi gereji na mzigo uliofungwa vizuri kwenye nailoni, kisha hudai fedha kabla nailoni haijafunguliwa. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingesaidia, kwa sababu mimi alinipa moja na fundi wangu akampa jingine.

Hiace yangu ina injini ya 3L, dizeli isiyo na turbo, na hubeba abiria kati ya Nyegezi na Sengerema. Wakati wa mvua za Aprili dereva, akirudi nyumbani usiku, alipita kwenye maji yaliyofurika Mabatini, injini ikayavuta kupitia njia ya hewa, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, konrodi mbili, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, zikapinda. Fundi alinishauri nitafute konrodi za kiwandani, ama mpya ama za mtumba zilizopimwa. Hapo ndipo muuzaji huyu alipoingia. Alinieleza kwamba konrodi za kiwandani ni chuma cha kumiminwa, kwamba zake zimefuliwa, yaani chuma kimegongwa kikiwa moto, kwa ajili ya magari ya mashindano, na akanitumia picha ya konrodi nne zenye umbo la herufi H, zimelazwa juu ya kitambaa cha bluu. Nililipa shilingi 720,000.

Maelezo yale hayakuwa ya kweli. Konrodi za kiwandani za injini za dizeli za aina hii nazo zimefuliwa, tena zinatosha kabisa. Konrodi za kampuni nyingine, zile za chuma chenye kromiamu, nikeli na molibdenamu, zina kazi yake pale mtu anapoongeza turbo au anapozungusha injini kwa kasi kubwa kupita ilivyokusudiwa, kwa maana mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu inayoivuta konrodi huwa mara nne. Hiace ya abiria haifiki huko. Nilikuwa nanunua sifa nisiyoihitaji, na hata hiyo sikuipata.

Zilizoletwa zilikuwa na umbo la herufi I. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hilo ndilo toleo lililoboreshwa, nami nikanyamaza kwa sababu gari lilikuwa limelala wiki mbili. Siku ya 19 baada ya kufunga injini, nikiwa mwenyewe kwenye usukani kutoka Kigongo kuelekea Usagara, nilisikia injini inagonga kutoka chini, nikazima papo hapo. Bloku ilisalimika kwa sababu hiyo tu.

Tulipofungua, beringi ya konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imelika upande mmoja kwa juu na upande wa pili kwa chini, ambayo ni dalili ya konrodi isiyonyooka. Fundi aliiosha kwa petroli, akaipitisha kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya mng'aro wa msasa tukaona kivuli cha namba ya zamani iliyosagwa. Kofia yake, kipande kinachofungwa kwa bolti kwenye tundu kubwa la konrodi, ilikuwa na namba nyingine kabisa. Bolti mbili zilikuwa zimevutika hadi shingo kuwa nyembamba, zikapakwa rangi ya fedha. Tuliziweka konrodi zote kwenye mizani ya jirani anayeoka keki: nzito kuliko zote iliizidi nyepesi kwa gramu 38, wakati seti moja haipaswi kutofautiana zaidi ya gramu chache.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kupima uzito, kulinganisha namba ya kila konrodi na kofia yake, na kuipeleka kwa fundi mchongaji apime unyoofu na uduara wa tundu kubwa, na ikiwezekana akague nyufa kwa unga wa sumaku. Za mtumba si dhambi kuzinunua, ila bolti ziwe mpya. Sumaku ya mfukoni anayoitumia muuzaji huyu kuthibitisha ubora haithibitishi lolote, maana chuma cha kawaida nacho hunasa. Daini risiti ya mashine, kwa kuwa mimi sikuwa nayo, na nilipotaka kulalamika sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya ujumbe wa muamala uliokwenda kwenye laini ambayo sasa haipatikani.

Wiki iliyopita mwenzetu wa Magu alitumiwa picha ileile, yenye kitambaa kilekile cha bluu, safari hii ikitajwa kuwa ni seti kamili ya Land Cruiser 1HZ. Injini hiyo ina silinda 6, na kwenye picha konrodi bado ni nne.