Uzoefu wangu: mota ya fezi tatu kwenye umeme wa njia moja, inveta imenitoa

Nina karakana ya useremala Morogoro, laini inayopita mtaani kwetu ni ya njia moja tu (singo fezi), na randa niliyopata ni mtumba wa Ulaya yenye mota ya HP 3 fezi tatu. Mafundi wengi watakwambia ng'oa mota weka ya singo fezi. Sawa, ila hata hiyo ikiwashwa moja kwa moja inavuta ampea mara tano mpaka saba ya zile za kawaida, kwa hiyo kila ukiwasha, taa za nyumba nzima zinafifia na jirani anakuja kuuliza kulikoni.

Kabla ya inveta (sio ile ya sola, hii ni boksi la kugeuza umeme wa njia moja kuwa fezi tatu na kuongoza mwendo wa mota) nilitumia kapasita (kikopo kinachoshika umeme, hapa kinasaidia kuziba pengo la fezi iliyokosekana), fundi wa kusuka mota alinipigia hesabu ya mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota inazunguka kweli, sikatai, lakini inabaki na kama theluthi mbili ya nguvu yake na kuondoka inajivuta mno. Kwa jiwe la kunolea haina shida. Kwa randa, ukisukuma ubao mpana wa mninga inaguna, inapungua mwendo, ukigusa mota imechemka.

Ndo nikachukua inveta Kariakoo, ya Kichina, kilowati 2.2, inaingia 220 ya njia moja inatoa 220 ya fezi tatu. Sasa sikiliza hapa mana ndo wengi wanapopotea, inatoa 220 sio 380! Kwa hiyo kabla hujatoa hela soma plet ya mota, kile kibati chenye maelezo yake. Yangu imeandikwa 220/380, maana yake ikifungwa delta inataka 220, ikifungwa staa inataka 380 (delta na staa ni namna mbili za kuunga nyaya za mota). Ukifungua kile kiboksi cha mota unakuta nati sita na vibati vya shaba, kwenye staa vibati vimelala vimeunga nati tatu za mstari mmoja, unavitoa unavisimamisha viwe vitatu, kila kimoja kinaunga nati ya juu na ya chini yake. Hiyo ndo delta, kazi ya spana moja tu.

Matokeo aisee nimeridhika. Nimeseti ichukue sekunde 8 kufika hezi 50, yaani mwendo kamili wa mota kwa umeme wetu, mota inapanda taratibu, taa hata hazitikisiki, na mninga unapita kama kawaida. Kusimamisha nako usiwe na haraka, ngoma ya visu ni nzito, ukilazimisha isimame ghafla mota inageuka jenereta inarudisha umeme kwenye inveta, inaandika era ya voliti kubwa inajizima. Mimi naiacha izunguke mpaka iishiwe yenyewe.

Mengine ya kujua, upande wa kuingia inavuta zaidi ya ampea 20 mzigo ukikolea, fundi umeme alinivutia waya wa 4mm na breka yake peke yake, usichomeke kwenye soketi ya ukutani. Swichi ya zamani ya randa tumeiruka, waya unatoka inveta unaenda mota moja kwa moja, mana kukata na kuunga katikati wakati inafanya kazi ndo kuiua. Ukitaka kuifungua zima halafu subiri kama dakika kumi, ndani kuna kapasita zinashika umeme hata breka ikiwa chini.

Nisichopenda ni feni yake, inavuta vumbi la mbao vibaya sana, ikabidi niihamishie ukuta wa upande wa pili. Na kitabu chake cha maelezo bora wasingeweka, Kiingereza chenyewe hakieleweki, nyingine zinakuja zimesetiwa hezi 60 kwa hiyo angalia kwanza.

Naipa nne kwa tano. Bado nina msumeno wa HP 7.5, plet yake inasoma 380/660, huo inveta ya hivi haiuwezi hata ukifunga delta, mana delta yake inataka 380. Kama kuna mtu kawasha mota ya namna hiyo kwa njia moja aniambie alitumia nini.